Habari ya Yuditha na Pijo Nyeusi Iliyooshwa Kavu

Sogeeni, enyi wenye magari na enyi wenye miguu, nanyi mliopakiwa mbele na mliobanwa nyuma pamoja na mikungu ya ndizi. Zimeni redio. Mwambieni anayekoroga mtori apunguze moto, kwa maana habari hii haipendi kusikilizwa nusu. Ni habari ya Yuditha binti wa Kahe, mshika tambara, mshinda tope, mwenye macho yasiyo na haraka, aliyesoma hadi darasa la saba na mengine yote akayasoma kwenye milango ya magari ya watu. Ni habari ya siku alipoliosha gari zima, kuanzia taa za mbele hadi buti, ilhali bombani hamkuwa na maji hata ya kunawa uso.

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Desemba, siku ambayo wana wa mlima hurejea makwao kutoka kote walikotawanywa na riziki. Na desturi yao inajulikana. Mtu atakula vumbi kutoka Dar es Salaam bila kunung'unika, lakini akifika Moshi lazima asimame, gari lioshwe, ling'ae, ndipo apande. Kwa sababu akitokea Marangu au Mwika na milango iliyojaa vumbi, shangazi zake watamvuta pembeni wamuulize kama huko mjini mambo yameharibika, na majirani watamletea maziwa kwa huruma.

Basi asubuhi ya siku hiyo tukufu bomba la kituo cha kuoshea magari cha Bi Mwantum lilikohoa mara mbili, likatema tone moja lenye kutu, likanyamaza.

Bi Mwantum, malkia wa kituo hicho, mjane mwenye kanga mbili na simu tatu, akapiga simu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na zote zikamjibu jambo lile lile: bomba kubwa limepasuka, maji ni baada ya sikukuu. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalihutubia jeshi lake, ambalo lilikuwa la watu wawili.

"Wanangu," akanena, "mwenye kiwanja anapataka hapa ajenge banda la chipsi. Amesema nikifunga hata siku moja mwezi huu, nisifungue tena. Na wale wa ng'ambo ya barabara, wenye kisima chao, mnawaona walivyokaa wanatutazama kama tuko kwenye televisheni. Mikidadi, rudi kwenu Pasua. Yuditha, wahi basi la Kahe kabla halijajaa. Mimi nitabaki hapa nizizike ndoo zangu."

Mikidadi, mwenye kifua kipana na sauti ya tarumbeta, akainamisha kichwa. Yuditha hakuinamisha. Hapo kituoni ndipo alipokuwa mtu. Kwao Kahe alikuwa mtoto wa nne anayetumwa kuni.

"Bi Mwantum," akasema taratibu, "kule stoo kuna zile chupa."

Kweli zilikuwako. Mwaka ule wauzaji watatu walipita kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja akiapa kwamba dawa yake husafisha gari bila maji, na kila mmoja akaacha chupa moja ya kujaribia. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, yenye picha ya simba aliyetunisha manyoya. Ya pili ya kijani, yenye harufu ya ndimu iliyopita kiasi. Ya tatu nyeupe, fupi, isiyo na majivuno, lebo yake imeandikwa kwa herufi za nchi ya mbali, na chini ya kitako muuzaji ameandika namba yake ya simu kwa kalamu.

"Mimi nasimama na Simba," akatangaza Mikidadi. "Hebu fikirini. Simba anaoga lini? Haogi. Na bado ni mfalme."

"Simba hang'arishwi apelekwe kwa wakwe," akajibu Bi Mwantum. "Hakuna dawa itakayogusa gari la mteja kabla sijaiona ikifanya kazi kwa macho yangu haya."

Ndipo uwanja wa vita ukachaguliwa: pikapu ya marehemu mume wake, iliyolala nyuma ya stoo miaka saba bila tairi. Yuditha akaazima chaki kwa Isack, fundi pancha wa jirani, bwana wa upepo na gundi, akaigawa boneti katika falme tatu.

"Taratibu na hiyo," Bi Mwantum akaonya. "Marehemu aliipenda kuliko mimi. Ikikwaruzika atanijia ndotoni."

Simba akaingia vitani wa kwanza. Akapuliziwa, akapanguswa, na ufalme wake ukang'aa kama andazi linalotoka kwenye mafuta. Mikidadi akapiga makofi. Lakini Yuditha hakupiga. Aliketi akatazama, na kabla jasho la Mikidadi halijakauka, vumbi la barabarani likaanza kutua pale juu na kuganda, punje kwa punje, maana Simba alikuwa mafuta matupu, na mafuta hayamfukuzi mgeni. Akaingia Ndimu. Huyu jua lilimkausha kabla kitambaa hakijafika, akaacha mabaka meupe kama miguu ya mtu aliyesahau kujipaka mafuta. Ikabaki ile chupa nyeupe isiyosomeka. Mikidadi, mwenye hasira ya kushindwa, akaimwaga, akalisugua eneo lake kwa mzunguko, kwa nguvu za mtu achimbaye kisima, na alipoinua mkono, tazama, vumbi limetoka lote, na mahali pake pana mkwaruzo mwembamba uliojikunja kama konokono.

Bi Mwantum akashika kichwa. "Nitamwambia nini marehemu?"

"Hiyo si dawa ya gari," akasema Mikidadi. "Hiyo ni ya kusugulia masufuria."

Yuditha akainama juu ya boneti. Alilichukua tambara la Mikidadi, akaligeuza, akalipitisha kidole, na kidole kikamkuta adui mahali alipojificha: mchanga. Kumbe chupa haikukwaruza kitu. Mchanga wa boneti ulihamia kwenye tambara, na tambara likaurudisha kwenye boneti, ukizungushwa kama jiwe la kusagia.

Naam, katika dakika hiyo hiyo, pasipo kupiga honi, ikaingia Pijo, gari la Kifaransa la enzi zile.

Ilikuwa nyeusi. Ilikuwa kongwe kuliko kila aliyekuwapo isipokuwa mwenyewe, naye mwenyewe alikuwa Mzee Ebenezeri wa Marangu, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mwenye tai hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Vumbi lilikuwa limeifunika hadi vioo, na juu ya paa, katikati kabisa, kunguru mmoja mwenye nia mbaya alikuwa ameacha ngome nyeupe ya kinyesi, ngumu, iliyopikwa na jua siku mbili.

"Shikamoo mzee," wakasema wote.

"Marahaba. Mbona mmekauka hivi? Ndoo zenu ziko wapi?"

Bi Mwantum akamweleza habari ya bomba. Akaongeza, kwa uchungu wa malkia, kwamba ng'ambo kule wana kisima.

"Kule sikanyagi," akanena Mzee Ebenezeri. "Mwaka jana waliipiga injini yangu maji mpaka ikazima, nikapanda Marangu nikivutwa na trekta, na shemeji zangu wote wamejipanga barabarani kutazama. Nimekagua shule miaka thelathini na miwili, binti zangu. Nimekagua madarasa, vyoo na bustani za mchicha. Nipeni gari linaloweza kukaguliwa, au niambieni nipande hivi hivi niaibike."

"Tutaliosha, mzee," akasema Yuditha. "Bila maji. Naomba uliingize kivulini."

Bi Mwantum akamvuta kanga. "Yuditha mwanangu, ukilikwaruza hilo, hata Moshi hatutaweza kupita kwa miguu."

"Najua, Bi Mwantum."

Akaenda kwanza kwa Isack, akamwamkia kwa cheo cha machifu wa mlimani. "Mangi, naomba upepo."

"Tairi gani?"

"Si tairi. Gari zima."

Isack akaweka chini nyundo yake. "Dada, ukilijaza gari zima upepo litapaa, na mzee ana safari." Lakini kompresa akaiwasha, na mpira akauvuta hadi kivulini, na ule upepo ambao maisha yake yote haukujua kitu ila matairi ukatoka kwa mngurumo, ukapita juu ya Pijo kutoka paa hadi magurudumu, na vumbi likanyanyuka kama kijiji kinachohama, likavuka barabara, likawatulia wale wenye kisima waliokuwa wakinywa chai.

Ndipo Yuditha akatwaa kitambaa kipya, laini, chenye manyoya, akakikunja mara mbili kikawa na nyuso nane, akaishika ile chupa nyeupe. Akapulizia kipande kidogo, kama sahani. Akasubiri pumzi tatu. Akapitisha kitambaa mara moja, kuelekea upande mmoja, bila kukandamiza, akageuza uso wa pili. Kila uso uliitwa vitani mara moja tu. Ukishameza uchafu wake ulistaafishwa kwa heshima. Nyuso nane zikiisha, Mikidadi, ambaye sasa alikuwa mpambe wake, alimkabidhi kitambaa kingine kama anayemkabidhi mfalme upanga. Milango ikaanguka mmoja mmoja. Boneti ikasalimu amri. Na mahali pa vumbi pakatokea weusi, weusi wa kweli, weusi ambao mtu angeweza kujitazama humo akinyoa ndevu.

Ikabaki ngome ya kunguru.

"Hiyo niachie mimi," akasema Mikidadi, akikunja mikono ya shati. "Kucha zangu mbili tu."

"Usiiguse."

Yuditha akaitikisa chupa. Ikalia kwa wepesi. Dawa ilikuwa imebaki kitakoni. Akaimimina yote, hadi tone la mwisho, juu ya kitambaa, akakilaza juu ya ngome, akaweka kiganja chake juu ya kitambaa, akatulia. Akatulia sana. Dakika moja ikapita, ikapita ya pili. Mzee Ebenezeri akatazama saa yake, akalizunguka gari, akarudi, akamkuta binti bado amesimama vile vile, mkono juu ya paa, macho yameinama.

"Binti," akasema, "unaliosha au unaliombea?"

"Naingoja ilainike, mzee. Nikiisugua itaondoka na rangi."

"Mchungaji wetu haweki mkono muda wote huo hata kwa mgonjwa."

"Mgonjwa hana rangi ya kubanduka, mzee."

Na Yuditha, alipohisi chini ya kiganja chake kwamba kuta za adui zimelegea, akakivuta kitambaa polepole kuelekea kwake, na ngome ikaondoka yote, kimya kimya, kama mgeni aliyekumbuka kwamba ana shughuli kwingine.

Kisha ukaja ukaguzi. Mzee akatoa mfukoni leso nyeupe, iliyopigwa pasi ikakunjwa pembe nne. Akaipitisha chini ya vitasa vya milango. Akaipitisha kwenye kingo za boneti, ndani ya vifuniko vya magurudumu, na juu ya paa, pale pale palipokuwa na ngome. Kompresa ilizimwa. Ng'ambo ya barabara watu walisimama na vikombe vyao. Bi Mwantum alikuwa akiwataja manabii kwa midomo tu, na Yuditha alikuwa ameshika vidole vyake mwenyewe, kwa sababu kama pangekuwa na doa moja tu, angepanda basi la Kahe liondokalo saa nane.

Mzee Ebenezeri akaitazama leso mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. Kisha akavua miwani yake, akaifuta kwa leso ile ile, akaivaa tena, akajiona kwenye mlango wa gari, akaiweka tai yake sawa.

"Wanangu wako njiani na magari mawili," akasema, akitoa simu. "Wao wamezoea kule kwenye kisima. Ngoja niwaambie wageuze."

Bi Mwantum akainuka kutoka kwenye ndoo yake. Namba iliyo chini ya chupa ikapigwa, na Mikidadi akatumwa kwa pikipiki alete katoni nzima, naye akaenda na kurudi nayo akiimba sifa za chupa nyeupe kana kwamba hakuwahi kumjua Simba. Isack alimweleza kila mwenye tairi bovu jinsi upepo wake ulivyookoa mji.

Kwa hiyo watakapokaa watu kuhesabu makuu yaliyotendeka chini ya mlima ule, wataje wapandao kilele na washindi wa mbio na wajenzi wa makanisa, lakini wasiache kutaja kwamba siku hiyo, saa saba na robo mchana, kituo hakikufungwa, na kwamba Yuditha binti wa Kahe, mfuta vumbi, mbomoa ngome, alikunja kitambaa kipya nyuso nane, akaigeukia Noah ya kijivu iliyosimama juani ikimngoja, na kwa sauti ya mtu ambaye sasa ana nchi ya kutawala akamwambia dereva wake, "Sogeza kivulini."