Kaimu wa Mti wa Mama Séraphine

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, toka stesheni ya reli hadi bandarini, kwamba kuanzia Jumatatu raia wa Kalemie hawatakuwa tena na manung'uniko kuhusu miti. Serikali ilikuwa imeyasikia manung'uniko hayo, ikayapima, ikaona ni mazito mno kuachwa mikononi mwa wenyewe. Ikaundwa Tume ya Kutuliza Malalamiko ya Miti Iliyopisha Barabara, na uenyekiti wake akakabidhiwa Sitwayeni Ilunga, maana siku hizo kila bwana aliitwa Sitwayeni, yaani raia.

Hakuna aliyestahili zaidi. Ilunga alilelewa bwenini na mapadri, akajifunza kutandika kitanda bila kunyanzi na kutogusa chakula mpaka kengele ilie. Hakuwahi kupokea hongo, hata ya samaki mmoja. Abakosi yake, koti la wakubwa wa serikali, ilifungwa vifungo hadi shingoni, na biro, yaani ofisi nzima, iliamini kwamba hata jasho lake halitoki bila idhini.

Barabara ya mlimani ilikuwa ikipanuliwa ili Komisere wa Mkoa, siku ya kuizindua, aweze kuliona ziwa bila kugeuza shingo. Miti iliyomzibia ilikatwa bila wenye nyumba kuulizwa, kwa kuwa mti ukiulizwa haujibu, na mwenye nyumba akiulizwa hujibu kupita kiasi.

Ilunga alianza kazi kwa uadilifu. Malalamiko juu ya mti uliosimama aliyakataa, maana hapakuwa na hasara bado. Malalamiko juu ya mti ulioanguka aliyakataa pia, maana hapakuwa na mti tena. Lakini alikuwa mtu mwenye huruma, na usiku mmoja wa kutafakari ulimpa njia iliyo bora. Neno "kukatwa" likapigwa marufuku. Magogo si yalipakiwa treni kwenda Kabalo? Basi miti hiyo ilikuwa imehamishwa. Kila mwenye nyumba akapewa barua ya uhamisho, yenye muhuri na shukrani kwa utumishi wa mti wake.

Katika mji wa reli, ambako kila ukoo una baba aliyeamka siku moja akaambiwa ahamie Kabalo, jambo hilo lilieleweka upesi. Watu walipokea barua, wakaitazama pande zote mbili, wakaenda zao.

Asiyekwenda zake alikuwa Mama Séraphine, mshonaji, mjane wa dereva wa treni. Mwavoka wake, mti wa parachichi, ulipandwa na marehemu siku kifungua mimba wao alipodondoka kitovu, na kitovu chenyewe kikazikwa shinani. Chini ya kivuli chake alishona nguo zilizowalea watoto wote. Sasa cherehani ilikuwa ndani, chini ya mabati, gizani na motoni, na wateja walikuwa wakimhamia Mama Hortense wa bondeni.

"Jambo, Papa Ilunga," alisema, akiingia biro na barua yake mkononi.

"Hapa biro hakuna Papa," karani Omer alimkosoa. "Kuna Sitwayeni Mwenyekiti."

"Basi jambo, Sitwayeni Mwenyekiti. Nasikia muti yangu iko Kabalo."

"Umehamishwa," alisema Ilunga. "Kwa heshima zote."

"Njo vizuri. Bwana yangu naye walimuhamisha Kabalo. Lakini mbele ya aondoke, alifika mwenzake wa kupokea treni. Sasa pa nafasi ya muti yangu, nani amefika?"

Omer alicheka. Ilunga hakucheka. Kichwani mwake kengele ya bweni ilikuwa imelia. Nafasi ya mtumishi aliyehamishwa haiachwi wazi. Hiyo ndiyo kanuni, naye hakuwahi kuivunja kanuni hata alipokuwa mgonjwa.

"Tumupeleke Alphonse," alinong'ona Omer. Alphonse alikuwa planton, kazi yake kufungua mlango.

"Alphonse aliajiriwa juzi. Mti ule umetumikia tangu enzi za Wabelgiji, bila likizo, bila kuchelewa. Haukaimiwi na mtu wa cheo cha chini." Ilunga alitazama biro yote, na mwenye utumishi wa kadiri ile alikuwa mmoja tu.

"Papa, mimi sikuomba hayo," alisema Mama Séraphine. "Mimi nataka muche tu wa kupanda."

"Mche ni mwanafunzi, Mama. Haupewi nafasi kabla ya kuhitimu."

Kesho yake asubuhi, Ilunga alisimama kisikini akiwa amenyoosha mikono. Kivuli chake kilitosha cherehani na kichwa cha mshonaji. Tatizo lilikuwa jua, lililotembea bila kufuata maagizo.

"Papa, sogea kidogo. Sindano siioni."

Alisogea. Wanawake waliopanda toka pwani na beseni za ndagala, dagaa wa ziwani, walisimama kutazama.

"Dada, hii muti inavaa abakosi."

"Itazaa lini?"

"Ngojeni mvua."

Kila aliyekuja kucheka alikumbuka nguo iliyochanika. Wateja wa Mama Hortense walianza kuupanda mlima, na Mama Séraphine alishona mpaka giza.

Siku ya uzinduzi, Ilunga alikuwa na kiti chake jukwaani, mstari wa mbele. Hakukikalia, maana nafasi haiachwi wazi. Msafara wa Komisere ulipopanda, gari lilichemka na kuzimika katikati ya mlima. Komisere alishuka, akaliona ziwa lote bila kugeuza shingo, kisha akatafuta mahali pa kujificha jua. Barabara ilikuwa nyeupe toka juu hadi chini. Kivuli kilikuwa kimoja. Mama Séraphine alisogeza cherehani akampisha.

"Huyu ni nani?" aliuliza Komisere, akijifuta shingo.

"Kaimu wa mti, Ekselansi," alijibu Omer.

Komisere alifikiri. "Kazi nzuri. Mbona ni kaimu? Athibitishwe." Akatazama tena barabara iliyokuwa imebaki kupandwa. "Na nafasi nyingine hizi, kwa nini ziko wazi?"

Wakubwa wa msafara, kila mmoja ndani ya abakosi yake, walianza kutazama viatu. Waliitwa kwa vyeo na kupangwa pande zote mbili, toka pale mpaka jukwaani, na Komisere akapanda kwa miguu katika kivuli kizuri.

Uenyekiti wa Tume alipewa Omer, ambaye hadi leo hajapokea lalamiko hata moja. Mama Séraphine alipanda mche wake karibu na kisiki. Kila asubuhi, kabla ya kunyoosha mikono, Ilunga huumwagilia maji mwenyewe, huyang'oa magugu, na kuuliza, kwa sauti ya mtu asiyelalamika, mwavoka huchukua muda gani kukua.

"Haikawii, Papa," humjibu Mama Séraphine, akitunga uzi, "kama hawaihamishi."