Zedekiah Hali Kwetu, Anakula kwa Jirani

Kwa Mzee wetu Mwenyekiti wa Kijiji,
Bwera.

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama wa nyumbani na ule mguu wako, natumaini umepona. Mimi ni Biira, mke wa Yosamu anayenunua samaki Kasenyi. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nitakapokosea, soma tu nia yangu.

Jambo langu ni mtoto. Zedekiah ametimiza mwaka. Sista wa kupima watoto alitufundisha kupanga chakula cha kila siku, nami nikapanga, nikabandika ukutani: Jumatatu uji wa ulezi na karanga, Jumanne bundu, ule ugali wetu wa muhogo, laini na dagaa wa kusaga, Jumatano boga na maharage, hivyo hivyo mpaka Jumapili. Mtoto hafungui mdomo. Namwimbia, kijiko nakigeuza boda boda, wapi! Kisha anashuka mapajani, anatambaa, anapenya ua mpaka kwa Rachelle, yule mama mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Kongo. Huko anakula mpaka masikio yanacheza.

Sasa Jumapili mama mkwe anatoka Kisinga kuja kujionea. Amesema mtoto asipokula kwa mkono wangu, atambeba akamlee yeye. Mzee, huyu mtoto ndiye usingizi wangu na kuamka kwangu. Ndiyo maana nashtaki:

1. Rachelle anapakua nje, peupe, saa ileile ya ratiba yangu. Mtu mwenye nyumba na mlango, nje anatafuta nini?

2. Harufu ya mawese. Hapo mpakani Mpondwe hata kuku akivuka anasimamishwa. Harufu yake inapita ua wangu bila hodi. Naomba iwekewe kizuizi, na afande mmoja mwenye pua nzuri.

3. Mimi sina ubaya naye. Chakula anachokataa mtoto simwagi, kumwaga chakula ni laana. Nafunika sahani, namtumia Rachelle ingali ya moto. Kila siku! Naye, nisimsingizie, sahani hairudishi tupu, anaweka parachichi au ndizi mbili. Lakini mtu ninayemlisha hivyo ndiye ananinyang'anya mtoto?

4. Kwenye mzani mtoto ameongezeka. Nilianza kufurahi, halafu nikajiuliza: haya mashavu ni ya nani? Kama yametoka kwa Rachelle, siku moja si anaweza kuyadai? Naomba uandike, upige na muhuri, kwamba mashavu ni ya Yosamu na Biira.

5. Dawa yenyewe ni hii: kijiji chote kifuate ratiba ya Zedekiah. Jumatano kila nyumba ipike boga, laini, chumvi kidogo, ili popote atakapotambaa akute ratiba tu. Atakayekaanga nyama siku hiyo alale kwa maafande. Nawe pia, Mzee, ingawa nasikia boga hulipendi. Kiongozi ndiye wa kwanza kumeza.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wanakwaya wa upande wenu, na yule mbuzi aliyezaa mapacha.

Ni mimi binti yako, ninayengoja muhuri,
Biira, Mama Zedekiah.

Nyongeza: Mzee, kabla ya kukuletea barua nimempelekea Rachelle asikie mashtaka yake, maana kumsema mtu mgongoni si adabu. Alicheka mpaka akaketi chini. "Mama Zedekiah, mie sipikaka midi, saa sita ya muchana! Mawese niko nauzisha, ni madumu ndiyo inanuka. Chakula anakulaka hapa ni ile sahani yako. Mutoto anapenda tu kula na benzake!" Nikachungulia. Kweli, boga langu katikati ya mkeka, watoto wake wamelizunguka, wanamega kwa mikono, na Zedekiah wangu anawasukuma wote kwa kiwiko.

Kwa hiyo futa kesi. Jumapili mama mkwe atakaa kwenye mkeka wa Rachelle, nami nitapakua mwenyewe mbele ya macho yake. Karibu nawe, siku hiyo ratiba inasema viazi na kuku.

Ila ile namba nne, Mzee, kama wino upo, nipigie tu.