Mti wa Mchuzi Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 6 Aprili 1964
Wazo limenijia nikiwa chooni, mahali mawazo yangu makubwa hunijia. Jirani yangu Hezekiah, mpishi wa klabu, ana mti wa mchuzi kwenye debe. Memsahib wake alimwachia alipofunga virago. Jani moja tu sufuriani, nyumba nzima yanukia! Hapa Kakamega sijaona mwingine, naye anatembea utadhani aliuumba. Sasa Mzee Barnaba wa kamati ya Madaraka anatafuta mti wa kupanda mbele ya boma tarehe mosi Juni. Atakayeuleta ataupanda pamoja na mgeni mkuu, watu wote wakitazama. Hezekiah? Na mimi karani nipo?

Nimemwomba tawi kwa heshima. Kasema mti wa memsahib si sukumawiki wa kuchumwachumwa. Haya.

Jumanne, 7 Aprili
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama hasa, chini ya ua wa Hezekiah, mwenyewe akiwa klabu. Nimekata vijiti vya mti wake wa mchuzi vya kupanda, tele. Nikakata na fimbo za ule ua wake, nichomeke moja kando ya kila kijiti kushikilia gunia la kivuli.

Nimepanda kwenye tuta la Jael, mke wangu, baada ya kung'oa kunde zake. Kauliza obusuma, ugali wetu, tutakula na nini. Nikamjibu: na heshima. Akasema heshima haichemki. Nimemwahidi miti isipochipua nitamlimia tuta lake upya, mchana kweupe, majirani wakiniona. Kijiti kimoja kifupi nilikitupa. Amekiokota, akakichomeka kwenye mkebe wa mafuta nyuma ya jiko. Wanawake!

Ijumaa, 10 Aprili
Kila asubuhi naving'oa nione kama vimetoa mizizi. Bado. Navirudisha. Jael anasema hata mtoto wa tumboni hachunguliwangi kila asubuhi. Nimemwambia ndiyo maana huchelewa.

Hezekiah anapita mlango kwa mlango akiuliza ni nani aliyeunyoa mti wake. Nimempa pole.

Alhamisi, 23 Aprili
Majani yote yamepukutika. Nimeng'oa tena: mizizi hakuna! Nimeapa sitagusa, nitachungulia tu kupitia tundu la gunia. Mvumilivu hula mbivu. Nimevumilia tangu asubuhi.

Jumamosi, 16 Mei
IMECHIPUA! Majani mapana, matatu matatu, makubwa kuliko ya Hezekiah. Ni udongo wangu huo! Hata miiba imetoa, nadhani ya kuzuia mbuzi. Jael kachungulia, kaziba mdomo kwa leso. Furaha imemzidi, maskini. Nimewaalika Mzee Barnaba na Hezekiah kesho baada ya kanisa.

Jumapili, 17 Mei
Wamekuja, na nusu ya kanisa nyuma yao. Nimehutubu. Nimevuta gunia.

Mzee Barnaba kaniuliza kwa upole nimelelewa wapi. Ule ni murembe! Mti ambao wazee hushika wakila kiapo, na fimbo yake ukiichomeka penye mvua inachipua bila kuombwa. Zile fimbo za gunia! Vijiti vyangu vilikuwa kando, vikavu kama njiti za kiberiti.

Hezekiah kazitambua fimbo za ua wake. Akasema vyema, kwa kuwa murembe umekuja wenyewe kwa karani, karani aushike aape kwamba hakuugusa mti wa mchuzi. Aii! Anayeapa uongo kwa murembe haumalizi mwaka, hilo hata mimi nalijua. Nikanyoosha mkono. Mkono ukakataa. Nikasema naitwa na haja, nikatoka mbio hadi chooni. Nimekaa humo hadi walipochoka kucheka. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumatatu, 1 Juni
Hezekiah ameupanda mti pamoja na mgeni mkuu. Makofi niliyasikia hadi hapa, maana nilikuwa nalima tuta la kunde. Majirani wamepita wakitoka bomani, wamevaa vizuri, kila mmoja akinipa pole ya kazi. Sawa. Nimefunzwa. Subira!

Jioni Jael kaniita nyuma ya jiko. Ule mkebe! Kijiti kimetoa majani mapya, ya mti wa mchuzi hasa. Hakikuguswa tangu Aprili. Anasema amekwisha kumwonyesha Hezekiah na kumwomba radhi kwa niaba yangu, naye kasema yaishe. Mzee Barnaba anataka mti wa pili mwakani, upande wa pili wa lango, na atanipa mimi nafasi. Jael kaniomba jambo moja tu: nisikiguse. Machozi yamenilenga. Nimemwahidi kwa moyo wote, akaingia kupika.

Nimeking'oa kidogo tu, kuhakikisha. Mizizi ipo! Myeupe, mizuri ajabu. Umekatika mmoja. Labda miwili. Nimekirudisha vizuri. Kesho asubuhi nitakitoa tena nione kama imepona.