Ombi la Kuteuliwa Kuwa Tetemeko Kabla ya Ijumaa

Masjala Kuu, Chumba Na. 4
Jumatatu, saa nne na robo asubuhi

Kwako Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Filamu, popote ulipokaa ukisubiri kusikia,

YAH: FAILI LISILOFUNGIKA KUHUSU NANI ATAIGIZA TETEMEKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima na usiye na haraka. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado niko kwenye miezi sita ya majaribio, na mtu aliye kwenye majaribio hataji kitu. Majaribio hayo yanakwisha Ijumaa hii. Siku hiyo nitakabidhiwa moja kati ya barua mbili: ya kuthibitishwa kazini, au ile nyingine. Mama yangu anafahamu kuhusu ile ya kwanza tu.

Naandika kulalamika. Naomba uelewe kwamba si tabia yangu. Fundi aliponishonea suruali yenye mguu mmoja mfupi, aliyeomba radhi ni mimi. Lakini maji yamenifika shingoni, na mtu aliyefikwa na maji shingoni akiendelea kunyamaza atayanywa.

Kwanza nieleze ilivyoanza. Hapa kwetu kuna kanuni ambayo Mkuu wa Masjala humfundisha kila mgeni kabla hata ya kumwonyesha choo kilipo. Karatasi yoyote ikigusa meza ya mapokezi, imepokelewa. Ikipokelewa igongwe muhuri, ikigongwa muhuri ifunguliwe faili, na faili halifungwi mpaka jambo lililomo lijibiwe kwa maandishi yenye jina la mhusika. Kanuni ya pili ni fupi zaidi: karani hathibitishwi kazini akiwa na faili lililo wazi.

Wiki yangu ya pili kazini, Mama wa Simu, ndiye mama wa makamo anayepokea simu zote za ofisi, alikata kipande cha gazeti lenu kwa mkasi, akakiweka juu ya meza hiyo, akaenda kuchukua kikombe chake. Kipande kilisema: "Tetemeko wa sehemu ya saba apatikana? Chanzo kilicho karibu na watayarishaji chafichua." Tetemeko ni yule shujaa wa filamu anayepiga mguu chini na majengo ya waovu yakalala. Nilikiona kipande, nikaikumbuka kanuni, nikagonga muhuri.

Mama wa Simu aliporudi alishika kifua. "Mwanangu! Ile ilikuwa ya kusoma na chai!"

Nilitaka kuufuta. Mkuu wa Masjala akaniambia kwamba muhuri haufutwi hata ukigongwa kwenye paji la uso. Basi nikafungua faili, nalo likapanda ngazi za vyeo kwenda kwa wakuu, kama mafaili yote.

Utadhani mmoja wao angeandika, "Huu ni upuuzi." Ndugu Mhariri, hakuna mwenye cheo anayethubutu kuandika neno hilo kwenye faili lenye muhuri. Itakuwaje kama aliye juu yake ameliona la maana? Mwanasheria wa ofisi aliandika: "Nimeona. Tetesi haina saini, lakini pia haijakanushwa. Tusubiri." Mkuu wa Manunuzi akaandika: "Naunga mkono kusubiri." Mkurugenzi, ambaye watoto wake hulalia mashuka yenye picha ya Tetemeko, alikaa nalo miezi minne, kisha akaandika kwa wino mwekundu: "Ni nani hasa? Nijibiwe kabla ya Ijumaa." Ijumaa hiyohiyo yangu. Hapo faili likaanza kushuka, kila mtu akimshushia aliye chini yake, mpaka likafika kwa mtu asiye na wa kumshushia. Ndiyo mimi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Majina. Tangu faili hili lifunguliwe mmetaja watu kumi na mmoja. Mlianza na yule kijana mrefu wa tamthilia za hospitali. Wiki iliyofuata akawa mwimbaji aliyeacha kuimba, kisha mcheza ngumi aliyestaafu, kisha mtu "ambaye jina lake litawashangaza wengi", na hamkulitaja, wala hatukushangaa. Mwezi wa tatu mkasema Tetemeko mpya atakuwa mwanamke. Mwezi wa nne mkasema watakuwa pacha. Mwezi wa tano mkarudi kwa kijana wa hospitali, mkamwita "jina jipya". Kila kipande Mama wa Simu hukileta mwenyewe siku hizi, kwa mikono miwili, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Faili liko juzuu la pili na limefungwa kwa kamba ya viatu vyangu.

2. Chanzo kilicho karibu. Naomba kujua, kwa nia njema kabisa, karibu kiasi gani? Mwanasheria ameniagiza niandike umbali. Mimi mwenyewe nakaa hatua sita kutoka mlango wa Mkurugenzi na sijui hata anakunywa chai au kahawa. Kama ukaribu ungekuwa elimu, fagio lililo nyuma ya mlango wake lingekuwa limeshapandishwa cheo.

3. Bega. Katika toleo moja la mwezi uliopita mlichapa picha ya bega la mtu aliyegeuka, kwenye uwanja wa ndege, mkaandika: "Je, hili ndilo bega la Tetemeko?" Bega hilo lilisimamisha kazi siku nzima. Mkuu wa Masjala alilipima kwa rula. Mwanasheria alisema bega la namna ile haliwezi kubeba filamu. Tarishi wetu, mzee mwenye miaka ishirini na mitano ya kubeba mafaili, alilitazama akacheka: "Hilo bega la mtu anayetafuta begi lake." Tangu siku hiyo yeye na Mwanasheria hawasalimiani, na faili likitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni lazima nilibebe mimi.

Hapa naomba niseme jambo kwa sauti ya chini. Kiti cha Naibu Mkurugenzi kiko wazi mwaka wa pili sasa. Kimewekewa maboksi ya karatasi. Hakuna aliyewahi kufungua faili kuuliza ni nani atakikalia, na hakuna walioacha kusalimiana kwa ajili yake. Silaumu mtu. Nataja tu kwamba maboksi yapo.

4. Alama ya kuuliza. Kila kichwa cha habari chenu kinamalizika nayo. "Arejea?" "Ajiuzulu?" "Alia?" Ndugu Mhariri, mwenye swali ni mimi. Mtu akienda kwa daktari hategemei daktari amtazame usoni na kumuuliza, "Malaria?" kisha amwambie asome toleo lijalo.

5. Lalamiko hili nimelifuta. Nililisoma upya nikaogopa.

6. Kukanusha. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kijana wa hospitali alipohojiwa alisema wazi kwamba si yeye, hajaombwa, na hapendi kuning'inizwa hewani kwa kamba mbele ya kamera. Mimi nilifurahi, nikaandika dokezo kwamba jina moja limeondoka. Alhamisi yake mkaandika: "Akanusha vikali! Wachambuzi wasema mtu hakanushi jambo lisilokuwepo." Mcheza ngumi alipokaa kimya, mkaandika kwamba kimya chake kinasema mengi. Mwimbaji aliposema "labda", mkasema anaficha. Nilipomlalamikia Mkuu wa Masjala kwamba kwa mwendo huu hakuna atakayeondoka kwenye orodha mpaka kiama, alinijibu, "Kijana, lisemwalo lipo, kama halipo laja." Namheshimu sana Mkuu wangu, lakini methali hiyo nayo haina saini wala tarehe, na sijui niipe namba gani ndani ya faili.

7. Lalamiko la mwisho linatokana na la sita, nami nimelipitia hatua kwa hatua kama tulivyofundishwa chuoni. Kwa vigezo vyenu, anayekanusha ndiye. Anayenyamaza ndiye. Asiyetajwa kabisa ndiye hasa, kwa kuwa mlishaandika kwamba "watayarishaji wanamficha mtu wao". Sasa mimi sijatajwa popote. Nimenyamaza miezi sita. Na wiki iliyopita Tarishi aliponiona mikono inavyonitetemeka nikishika muhuri, akaita ukumbi mzima: "Jamani, mnamtafuta mbali, Tetemeko si huyu hapa!" Nilikanusha. Nilikanusha vikali, mbele ya watu tisa. Mama wa Simu akanitazama kwa jicho jipya akasema, "Eh, mwanangu, mbona umekasirika hivyo?" Saa nane mchana mtu wa ghorofa ya pili, ambaye hajawahi kuniitikia salamu, alinishikia mlango.

Ndugu Mhariri, huoni ninakoelekea? Mimi mwenyewe nilipoona ninakoelekea niliketi chini.

Kwa hiyo ninaleta ombi, na naomba ulisome mpaka mwisho kabla ya kulitupa. Naomba katika toleo la Alhamisi hii mwandike kwamba Tetemeko wa sehemu ya saba nitakuwa mimi. Jina langu kamili nimeliandika kwenye karatasi ndogo iliyomo ndani ya bahasha hii, nimeikunja mara nne. Ninakubali mniwekee alama ya kuuliza. Ninakubali hata bega. Nimeambatanisha picha iliyopigwa kwa upande, ingawa linaloonekana zaidi ni kabati. Mama wa Simu atakikata kipande hicho kwa mkasi, kitagusa meza, nitakigonga muhuri mimi mwenyewe, na Mkurugenzi atakuwa amejibiwa kwa maandishi yenye jina la mhusika. Faili litafungwa Alhamisi hiyohiyo. Nitathibitishwa kazini. Alhamisi inayofuata mtanikanusha na kumrudisha kijana wa hospitali, kama desturi yenu, wala sitawadai chochote.

Nimefikiria pia madhara. Watayarishaji hawatadhurika, kwa sababu hawajawahi kusikia habari zenu wala zangu. Wasomaji wenu hawatadhurika, wamezoea. Mtu pekee anayeweza kudhurika ni mama yangu, ambaye ataniona gazetini na kuniuliza kama nitaning'inizwa kwa kamba, na ikiwa nitaning'inizwa, kama ofisi imeridhia. Huyo nitamwelewesha.

Endapo ombi hili halitawezekana, basi nina dogo: muwe mnaandika juu ya ukurasa wenu, kwa herufi za kawaida tu, "Hatujui." Neno moja. Ningeligonga muhuri, nikalipeleka juu, na nina hakika Mkurugenzi angeliheshimu, kwa kuwa ndilo jibu ambalo ofisi nzima hii inalo kwa kila kitu, ila hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa. Mtu mzima hapaswi kupoteza kazi kwa sababu aliamini lililosemwa na asiyejulikana, aliyelisikia kwa asiyetajwa, kuhusu jambo ambalo halijatokea. Hiyo ndiyo kauli yangu, na ninaisimamia kwa miguu yote miwili, ingawa inatetemeka.

Nisalimie wachapaji, wapiga picha, yule anayechora nyota pembeni mwa ukurasa, na mfagizi wa ofisi yenu kwa namna ya pekee, kwa kuwa nadhani ndiye anayejua mengi. Nisalimie na Chanzo, kama bado kiko karibu. Mama wa Simu anawasalimu. Tarishi anasema na yeye anawasalimu, lakini alikuwa anacheka.

Ni mimi, mwenye nidhamu na hofu,
Karani wa Masjala (majaribio)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba gundi ya bahasha ilipobidi niifungue tena. Tafadhali puuza yote niliyoyaandika hapo juu, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mambo yamekuwa mazuri! Tarishi amenivuta kwenye kona ya ngazi na kuninong'oneza kwamba dereva wa Mkurugenzi amemwambia, ila nisimtaje, kwamba barua yangu ya kuthibitishwa imeshapigwa chapa na iko kwenye droo, faili liwe wazi lisiwe wazi. Na dereva si mtu wa kubahatisha. Kila asubuhi huwa amekaa mbele ya Mkurugenzi, karibu kabisa, hatua hata moja haifiki. Nimempigia mama simu papo hapo. Amelia kwa furaha, ameshawaita shangazi zangu wawili na jirani, na amemwambia mwenye nyumba kwamba tunabaki. Nilikwenda kumshukuru Mkuu wa Masjala. Akakunja uso, akasema hakuna barua yoyote, hajasikia kitu kama hicho, na nisimletee maneno ya kwenye ngazi. Alikanusha vikali, Ndugu Mhariri. Mara mbili. Basi nikaenda zangu mezani nimetulia kabisa, maana mtu hakanushi jambo lisilokuwepo.