Bolti Mbili za Injini ya Baba

Jumapili, 8 Juni

Kazi imeanza rasmi. Injini ya boti ya marehemu baba imelala sebuleni juu ya magazeti. Dada, aliyekuja kwa wiki moja na kuanza kutawala tangu mlangoni, amesema isiponguruma kufikia Jumamosi anamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.  Baadaye mama ameniambia kwamba miaka thelathini alijua saa ya kubandika maji ya chai kwa kusikia mlio ule ukikaribia. Anataka kuusikia tena, hata mara moja. Nimemwahidi. Bolti za kifuniko cha silinda zimefunguka zote, ila mbili zimekatika kwa kutu. Si neno.

Jumatatu, 9 Juni

Ni neno. Duka la kwanza la vipuri: hawana. La pili: hawajapata kuziona. La tatu, muuzaji aliita wenzake waje kuitazama ile bolti iliyokatika, akaniuliza nimeichimbua wapi. Unene milimita nane, urefu kidole cha kati, meno membamba mno. Dada ameshauri nimwombe Nyundo, fundi wa injini. Nyundo! Baba alimfundisha yeye kila kitu. Mimi alinipa tochi nimshikie. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa macho. Simwombi.

Jumanne, 10 Juni

Mama akiwa sokoni, nilijilaza kitandani kwake nitafakari. Mkono ukagusa kichwa cha bolti. Unene uleule! Urefu uleule! Nikaing'oa. Imeingia kwenye injini mizunguko mitatu, ikagoma. Nikaibembeleza kwa spana. Ikagoma. Nikaibembeleza kwa spana na bomba. Kichwa kikakatika, mwili ukabaki ndani ya tundu.

Mama aliporudi alikaa kitandani. Kitanda kikakaa sakafuni. Amesema hakuna tabu, godoro ni lilelile. Heri angenitukana.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Nyundo. Kumsalimu tu. Karakana yake inaudhi: kila spana ina msumari wake ukutani. Wanamwita Nyundo, lakini hufungua bolti kama anayemvua mtoto mchanga shati. Akauliza mama hajambo. Hajambo. Akatoka kunitafutia kiti. Rafuni, ndani ya kopo la maziwa, bolti mbili. Zilezile! Zimepakwa grisi kama zinakwenda harusini. Aliporudi na kiti nilikuwa nimeshakumbuka kwamba nina haraka.

Ijumaa, 13 Juni

Tangu asubuhi nachokonoa kile kipande kilichonasa. Hakitoki. Saa tisa, hodi. Nyundo, kofia mkononi. Amemwambia mama kwamba zile bolti alizomwagiza alizipata, alizihangaikia siku tatu, na leo alitaka kuzileta. "Sasa mama, sizioni. Sijui nikwambie nini."

Kumbe mama alimwagiza!

Mama amemwambia asijisumbue, mwanangu. Mwanangu! Kisha akageuka kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Dada amesema basi, kesho vyuma chakavu. Mimi nimesema wizi umezidi siku hizi. Bolti zilikuwa mfukoni, zinanichoma paja. Nikizifunga, watajua. Nisipozifunga, injini inaondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango safi kabisa. Nyundo alikuja kuiaga injini, na mkoba wake wa zana begani. Alipoutua ili amwamkie mama, nikazitumbukiza humo. Kisha nikashauri, kwa sauti, atazame vizuri mkobani, binadamu husahau. Akatazama. Akazitoa. Zilikuwa zimefungwa katika leso yangu, ile mama aliyonitarizia jina.

 Dada akafungua kinywa. Mama akamtupia jicho, akakifunga. Nyundo akaikunja leso, akanirudishia. "Yako hii, ndugu yangu. Haya, nishikie tochi."

Nikashika tochi. Akakitoa kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akautupia macho mlango wa chumba cha mama, akakitia mfukoni. Akalichonga tundu meno upya. Saa nane injini ilikuwa imening'inia kwenye pipa la maji uani, na mnunuzi wa vyuma chakavu amesimama getini na mizani yake. Nyundo akavuta kamba. Hakuna kitu. Akavuta tena. Kikohozi. Mara ya tatu ikanguruma, na moshi wake, na mtetemo wake, kama zamani.

 Mama aliinuka, akaingia jikoni, akabandika maji ya chai.

Jumapili, 15 Juni

Imeamuliwa injini inabaki, na itatunzwa na Nyundo. Sawa. Bila mimi asingekuwa na cha kutengeneza. Limesalia dogo tu, kitanda cha mama. Bolti yake haipatikani madukani. Nyundo hakosi kuwa nayo, lakini simwombi.

Nimechunguza. Kitanda anacholalia dada kilitoka kwa seremala yuleyule. Dada ametoka kuaga rafiki zake, na kesho anasafiri. Kina bolti nne. Kwa usiku mmoja, tatu zinatosha.