Malalamiko ya Kuponywa Bila Ridhaa Yangu

Sadoki Mtafya,
Mpemba, Tunduma.
Septemba, 2013.

YAH: MWANAFUNZI WENU LUSUNGU KUNIONDOLEA UGONJWA WANGU

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, ingawa kwa jinsi mambo yalivyonifika mimi, uzima si kitu cha kumtakia mtu bila kumwuliza kwanza.

Mimi ni baba mzazi wa Lusungu, anayesoma kwenu shahada ya uhandisi wa vifaa tiba, mwaka wa tatu. Ni mzaliwa wa milimani Ileje, nikahamia hapa Mpemba tangu barabara kuu ikiwa na magari ya kuhesabika. Sijawahi kulalamikia chuo chochote. Lakini likizo hii binti huyu amefanya mambo ambayo mzazi mwenye staha hawezi kuyanyamazia, nami nayaleta kwako kwa mpangilio.

1. Suala la cheo. Alipochaguliwa kujiunga nanyi, nilitangaza kanisani kwamba mwanangu anasomea udaktari. Sikudanganya. Niliona neno "tiba" kwenye barua yenu, nikaridhika. Basi alipofika likizo alikuta watu wamejaa uani: wenye magoti, wenye meno, na jirani yetu bibi Enesi mwenye kikohozi cha tangu masika. Lusungu akawaamkia wote vizuri, kisha akasema, "Wazee wangu, mimi sitibu watu. Natibu mashine zinazotibu watu." Watu wakatawanyika, nikadhani aibu imeishia hapo. Kesho yake wakarudi wote, foleni ndefu kuliko ya malori pale mpakani, safari hii kila mtu na mgonjwa wake: redio, pasi, simu za tochi, na bibi Enesi na cherehani ambayo alisema nayo inakohoa. Nilikosa pa kuweka kiti kwenye uwanja wangu mwenyewe.

2. Suala la chupa ya chai. Hapa ndipo penye donda. Mimi nina presha. Naomba uniruhusu niandike "nina", kwa mazoea. Niliipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, miaka kadhaa iliyopita, kwa mfanyabiashara mmoja Mzambia aliyenifunga mashine ya betri mkononi, akaitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma ambayo sijawahi kuipata hata kwa ndugu zangu wa tumbo moja. Mashine hiyo niliinunua papo hapo. Tangu siku hiyo haijawahi kuniangusha. Asubuhi juu, jioni juu.

Lusungu alipoiona aliomba anipime. Ikasoma juu, kama ada yake. Badala ya kunipa pole, akaivua mkononi mwangu akaifunga kwenye chupa ya chai. Chupa ikaonekana ina presha kunishinda. Nikamweleza kwa utulivu kwamba chupa ile ina chai ya moto, hivyo presha lazima iwepo. Akaifunga kwenye mguu wa meza. Meza nayo ikawa mahututi. Ndipo akasema, mbele ya mama yake, "Baba, wewe huumwi. Inayoumwa ni mashine." Hakuishia hapo. Alikwenda zahanati, akaazima kipimo chao, akanipima upya. Ndugu Mkuu, nilionekana mzima kama kijana wa bodaboda. Sikuulizwa kama nataka.

3. Suala la hadhi yangu nyumbani. Mgonjwa wa presha ni mtu mwenye mahali pake. Mke wangu Frida ndiye aliyelima, akachota maji, akabeba kuni, ili mimi nisiushtue moyo. Supu ya kuku ilikuwa yangu. Kanisani nilitengewa kiti chenye mikono, karibu na mlango penye hewa. Habari mbaya sikuletewa kabisa: lori lilipokatika breki likalalia choo chetu, mimi niliambiwa baada ya choo kipya kuezekwa. Linganisha na sasa. Juzi Frida alinisimulia habari mbaya zote za miaka hiyo kwa mfululizo, akianzia na misiba, na alipomaliza akanionyesha jembe lilipo.

4. Suala la Umoja. Mimi ndiye mwenyekiti mwanzilishi wa Umoja wa Wenye Presha Mpemba. Tulikuwa tukikutana kwangu kila Jumapili baada ya ibada, tunapimana kwa mashine yangu, tunakunywa maji ya vitunguu saumu, tunapeana pole. Hakuna mzee aliyewahi kupimwa akakosa sifa za kujiunga, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yetu. Lusungu aliingia kikaoni bila kualikwa, na kile kipimo cha zahanati, akatuponya mchana mmoja. Alisalia Zebedayo peke yake, ambaye ana presha kweli na ameanzishiwa dawa hospitali, naye sasa anatupita njiani kwa majivuno kama aliyefaulu mtihani. Katibu wetu Eliakim, ambaye kwa ajili ya presha alikuwa hawezi hata kuinama kufunga kamba za viatu, siku iliyofuata alionekana ameinamishwa na mkewe akitifua shamba la mahindi tangu asubuhi.

5. Suala la majembe. Jumapili iliyofuata, wake za wanachama walifika kwangu kwa vigelegele, kila mmoja na jembe la mumewe begani. Walimfunga Lusungu kanga mpya, wakamtangaza kuwa ndiye daktari pekee wa Tunduma nzima anayemaliza ugonjwa bila dawa. Jembe langu nilikabidhiwa mbele ya mchungaji, naye, badala ya kunitetea, akaliombea.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mkuu, naomba kwa unyenyekevu chuo kilifute lile somo la kuhakiki vipimo lililomfundisha Lusungu mambo haya. Kifaa kilichomtumikia mzee kwa uaminifu si cha kuhojiwa na mtoto. Kama kulifuta ni vigumu, basi mumfelishe Lusungu katika somo hilo moja tu, taratibu, asivunjike moyo. Na kama hilo nalo lina urasimu, nipewe cheti chenye mhuri wa chuo kwamba niliugua kwa heshima hadi likizo hii, ili wajukuu wasije wakanisuta. Aidha, kwa kuwa meza yangu na chupa yangu zilipimwa na mwanafunzi wenu zikakutwa na presha, ni haki chuo kieleze zitatibiwa wapi.

Wasalimie walimu wote, wapishi, walinzi wa getini, na mashine zote mlizonazo hapo, nzima na wagonjwa. Bibi Enesi anawasalimu, na cherehani yake inaendelea vizuri.

Ni mimi, mzima kwa kulazimishwa,

Sadoki Mtafya,
Mwenyekiti (aliyepona), Umoja wa Wenye Presha Mpemba.

N.B. Barua hii ilikuwa imeshatiwa gundi. Lusungu alikuwa mlangoni akitoka kukirudisha kipimo cha zahanati, mama yake akaingia na ndoo ya maji, akaitua, akakaa kwenye kiti changu, jambo ambalo si kawaida yake. Lusungu akamfunga kitambaa cha kipimo hicho mkononi, kwa utani tu. Akasoma. Akamfunga mkono wa pili. Nikamwambia ajaribu na mguu wa meza. Akanijibu bila kugeuka, "Baba, tafuta gari."

Haikuwahi kutupitia akilini kumpima Frida. Yeye ndiye alikuwa mzima wa nyumba hii.

Hospitali walimlaza. Daktari alisema tungechelewa kidogo, leo tungekuwa tunaongea mengine. Njiani kote alikuwa ananiuliza nani ataanua mahindi, nami nilikuwa nimemshika mkono. Sasa amerudi, anameza dawa, na rangi imemrudia. Wanachama walikuja kumchagua awe mwenyekiti. Amekataa. Anasema yeye ana presha tu, hana muda wa vikao.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, yote niliyoandika hapo juu naomba uyasome kinyume. Mpeni Lusungu alama zake zote, na kama zipo za akiba mwongezeeni. Somo lile msilifute, lifundisheni hata Jumamosi. Ningeiandika barua hii upya, ila Frida ananiuliza kutoka kitandani ni nani aliyenifundisha kutia unga kabla maji hayajachemka, nami naenda kuteleka mengine.