Gobori la Mjomba Horace

Jumatatu, 6 Oktoba

Paa linavuja tena, juu ya kitanda. Beryl kasema likiwa bado hivi wiki ijayo anahamia kwa dada yake kule Cromer. Safari hii hatanii, sanduku liko tayari mlangoni. Bila mke wangu mimi nimekwisha, hata soksi sijui zinakaa wapi.

Lakini darini, nikitega beseni, nimekuta gobori la marehemu Mjomba Horace. La fataki, mitutu miwili, jina la fundi wa London limechorwa ubavuni. Jumamosi mthamini wa mnada anakuja ukumbi wa kijiji. Paa jipya hilo!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwonyesha jirani, Clifford Bunn. Mkulima, mjuaji wa kila kitu. Nimekosea. Macho yamemtoka, kaniambia, Desmond ndugu yangu, usilifute hata vumbi, wanaojua wanalipia huo uzee wake.

Ati uzee. Nani ananunua uchafu? Janja yake naijua: nilipeleke chafu, mthamini acheke, yeye alibebe kwa bei ya viazi. Nimemshukuru, moyoni namcheka.

Jumatano, 8 Oktoba

Brashi ya waya, msasa, mafuta ya taa. Mitutu ilikuwa na kutu ya ajabu, ya kahawia, yenye mawimbi mawimbi. Nimesugua ikaisha yote. Sasa inang'aa kama sufuria ya dukani. Kitako kilijaa vimistari pale pa kushikia, nimekilainisha. Vanishi nimepaka mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Jina la fundi limepungua kidogo, ila herufi mbili bado zinasomeka.

Beryl kachungulia, kauliza kama nimemwuliza mtu yeyote mwenye akili. Nimemwambia asubiri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ole wangu.

Mthamini ni mama mmoja mpole, Bi Askew. Nimelifunua mbele yake kwa madaha. Kaligeuza mara mbili. Kisha kauliza nani kalifanya hivi. Nikajipiga kifua, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Kavua miwani, kanieleza polepole kama anayezungumza na mfiwa. Yale mawimbi hayakuwa kutu, ni chuma alichokisokota fundi na rangi aliyoitia kwa makusudi. Vile vimistari alivichonga kwa mkono. Lingekuja na vumbi lake lingeezeka nyumba nzima. Sasa ni pambo la ukutani tu.

Nilitamani ardhi inimeze. Beryl alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai, kasikia kila neno.

Jumapili, 12 Oktoba

Bunn kaja baada ya ibada. Ana vigae vya ghala alilobomoa, vinatosha paa letu. Nimpe gobori alitundike juu ya meko, yeye atoe vigae na kuja kuezeka mwenyewe. Beryl kalia, kaanza kurudisha nguo kabatini. Nimekubali, Bunn kaondoka na gobori. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefuata vigae. Gobori liko juu ya meko, linameremeta, na kasisi amesimama chini yake analisifu. Damu ikanichemka. Bunn, bahili yule, atoe vigae vizima kwa pambo? Anajua kitu. Na yule Askew lao moja.

Nimemwambia biashara imekufa, anirudishie changu. Kanitazama sana. Kasema, basi Desmond, chukua vyote, gobori na vigae, tafadhali mfikirie mkeo. Hapo ndipo nikapata uhakika. Hakuna mtu anayekuwa mwema hivyo bure. Vigae nimemwachia, nimerudi na gobori begani.

Beryl hakugomba hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Kafunga sanduku, kapanda basi la saa tisa. Nimelia, sifichi.

Mvua imeanza. Gobori nimelilaza kitandani, mahali pake Beryl, nimelifunika blanketi lisilowe. Vanishi naona inafifia karibu na nyundo ya kufyatulia. Kesho naongeza mkono wa nne.